Mwalimu wa Jana

Mwalimu Sadoki alipostaafu, watu wa Akeri walidhani angetulia kwenye kahawa na migomba yake kama wastaafu wenzake. Walikuwa hawamjui. Sadoki alikuwa mwalimu wa nidhamu, na mwalimu wa nidhamu hastaafu, hubadilisha tu watu wa kuwasumbua. Wiki ya kwanza aliwazoesha kuku kula kwa mstari. Wiki iliyofuata alimuuliza mkewe, Maria, kwa nini chai imechelewa, na kama ana maelezo ya maandishi. Maria akajifunga kitenge, akaenda kwa mchungaji kuombewa uvumilivu.

Kwa hiyo siku Jasmeet alipopiga simu, aliyemshukuru Mungu kwa sauti alikuwa Maria.

Jasmeet alikuwa binti wa Balbir, yule Singasinga wa vipuri vya magari pale mjini Arusha. Utotoni alisoma kwa Sadoki, na aliwahi kufyeka nyasi za uwanja mzima kwa kosa la kuvaa soksi za maua. Sasa alikuwa amefungua sekondari yake mwenyewe, juu ya duka la baba yake.

"Shikamoo Mwalimu. Nahitaji mtu wa Historia na Maadili."

"Marahaba, Jasmeet. Shule yenyewe iko wapi?"

"Iko mtandaoni, Mwalimu."

"Hilo nimesikia. Nauliza iko mtaa gani."

Ilibidi aelezwe polepole. Shule haikuwa na geti, wala kengele, wala madawati. Kila mwanafunzi alisomea kwao, kwenye simu au kompyuta, na wakati wa mitihani ya taifa angekwenda kuifanya kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sadoki alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lililokuwa likimkereketa tangu mwanzo: watoro wanajulikanaje?

"Watoro hawapo," Jasmeet akasema.

"Hiyo ndiyo maana ya mtoro," akajibu Mwalimu, na kazi akaikubali.

Siku ya kwanza alivaa suti yake ya kahawia na tai. Aliiweka kompyuta juu ya kabati la vyombo, akasimama mbele ya ubao alioupigilia ukutani sebuleni, akafundisha kwa moyo wake wote. Darasa zima liliona tumbo, ncha ya tai, na mkono uliokuwa ukipita na chaki. Hakuna aliyethubutu kusema. Halafu kulikuwa na suala la sauti. Sadoki aliipima sauti yake kwa umbali. Mwanafunzi wa Usa River, ambaye ni kama jirani, alimsemesha kawaida tu. Bhavin, aliyesomea mjini kwenye duka la vitambaa la mjomba wake, alimwita kwa nguvu kiasi. Lakini zamu ya Kaanaeli wa Momela ilipofika, aliweka viganja mdomoni akapaza sauti hata majirani wakatoka nje kutazama ng'ombe wa nani amepotea.

Baadaye aligundua kitufe cha kuwanyamazisha wanafunzi wote kwa mpigo. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiomba kitu cha namna hiyo. Alikibonyeza, akakaa akiusikiliza ukimya kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu. Lakini siku hazikuwa nyingi, ukimya ukaanza kumwelemea. Akitania, hakuna anayecheka. Akiuliza kama wameelewa, hakuna anayeguna. Mbele yake palikuwa na visanduku vyeusi tu, kila kimoja na jina lake, vimepangwa safu kwa safu.

"Nafundisha makaburini, Maria," alisema siku moja akila. "Tena afadhali makaburini, watu huleta maua."

Ndipo akatunga sheria. Kamera iwe wazi kipindi chote. Mwanafunzi akae mezani, avae shati jeupe lenye kola, asile, asinyanyuke, asitafune chochote. Atakayechelewa atapiga magoti. Hiyo ya magoti haikufika mbali, kwa sababu mwanafunzi akipiga magoti mbele ya simu kinachobaki kuonekana ni dari. Mara ya kwanza Bhavin alipoadhibiwa, Mwalimu aliilinda dari ya duka la vitambaa kipindi kizima, na kumbe Bhavin alikuwa amekwenda zake kumkatia mteja kitenge.

Jasmeet alijaribu kumpoza. "Mwalimu, hawa kila mmoja ana kilichomleta huku. Shule ya kawaida ilimshinda kwa sababu fulani. Tusiwabane sana."

"Mtoto asipobanwa humwagika," akajibu.

Katika darasa lile, aliyemtuliza roho alikuwa Kaanaeli. Kila kipindi binti yule alikuwa pale, kola nyeupe kama maziwa, nywele zimesukwa, nyuma yake ukuta wa mbao na mlango ulio wazi. Hakuwa msemaji. Lakini aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayelionja kila neno kabla ya kulimeza. Mwalimu alimtolea mfano kila mara. "Mtazameni Kaanaeli. Yuko pembeni mwa hifadhi, nyati wanapita dirishani, lakini ametulia kama karani wa mahakama. Ninyi wa mjini mnahangaika nini?"

Aliyeharibu furaha hiyo alikuwa Maria. Alikuwa amemletea mumewe chai katikati ya kipindi, akasimama nyuma yake akitazama.

"Kuku huyu kapita tena," akasema.

"Kuku gani?"

"Huyo mwekundu asiye na mkia, nyuma ya huyo binti. Anaingia mlangoni, anajikuna kwa mguu wa kushoto, anatoka. Nimekaa na kuku tangu nizaliwe, Baba Frederick. Kuku hana ratiba."

Mwalimu akaacha ubao, akaisogelea kompyuta mpaka pua ikaigusa. Akangoja. Kuku akaingia, akajikuna kwa mguu wa kushoto, akatoka. Kaanaeli akaitikia kwa kichwa. Mwalimu akangoja tena. Kuku akaingia, akajikuna, akatoka. Kaanaeli akaitikia vilevile.

"Kaanaeli," akasema kwa upole wa kutisha. "Hivi wewe ni mbuzi?"

Kaanaeli akaitikia kwa kichwa, taratibu, akilionja neno.

Watu wangetegemea Sadoki awake. Hakuwaka. Alimalizia kipindi kwa sauti ndogo, akafunga kompyuta, akaenda kukaa chini ya mbuni wake mmoja wa kahawa. Kilichomuuma hakikuwa utoro, watoro alikwisha kuwaona wa kila aina. Kilichomuuma ni kwamba majuma yote yale, mwanafunzi pekee aliyeonekana kumsikiliza alikuwa picha.

Hakumwambia Jasmeet. Mtoro hufuatwa kwao, ndivyo alivyofanya enzi zake zote, na tena hufuatwa saa ya kipindi ili asipate pa kujitetea. Tabu ni kwamba saa ya kipindi Mwalimu mwenyewe alitakiwa awe darasani, na paka akiondoka panya hutawala. Alilala na jambo hilo, akaamka nalo, na kufikia wakati wa chai alikuwa amelipatia dawa. Alimpigia Jasmeet akamuuliza mtu anajirekodije, eti anataka wajukuu wabaki na kumbukumbu. Jasmeet akamwelekeza kwa furaha.

Jioni ile alijifungia sebuleni akarekodi kipindi cha kesho yake, mwanzo hadi mwisho. Hakutaka yeyote ashtuke, kwa hiyo alijiwekea na maswali humohumo. Aliuliza, akanyamaza kidogo, kisha akajibu kana kwamba amejibiwa. Kwa kuwa aliwajua watu wake, hakuona ugumu. Mada ya siku hiyo hakuichagua yeye, iliangukia hapo kwa kufuata muhtasari. Ilikuwa Uaminifu.

Asubuhi alimkalisha Maria mbele ya kompyuta. "Muda ukifika unabonyeza hapa. Basi. Usiguse kingine, usipite mbele, usikohoe."

"Na wakiuliza swali?"

"Nimeshawajibu."

Alipata nafasi kwenye fuso la jirani yake Lomayani lililokuwa likienda Ngare Nanyuki kuchukua nyanya, kwa barabara inayokata hifadhini na kupitia Momela. Alikaa mbele na suti yake ya kahawia, vumbi likiingia na kutoka. Ndani ya hifadhi twiga alisimama katikati ya njia akawatazama. Lomayani akazima injini, maana twiga hapigiwi honi. Mwalimu aliangalia saa yake, akamwangalia twiga, akaangalia saa tena. Alishusha kioo akataka kusema neno, kisha akakumbuka hajui twiga husemeshwa kwa lugha gani. Walikaa hapo mpaka mnyama alipoona inatosha.

Nyumba ya kina Kaanaeli aliipata bila shida, mbele kidogo ya Momela. Barazani alimkuta baba mtu, Sifaeli, mguu mmoja uko ndani ya plasta, umelazwa juu ya kigoda. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mparachichi. Wakasalimiana vizuri, wakaulizana za Akeri na za Momela, na Mwalimu akajitambulisha kama mgeni mpita njia mwenye shida ndogo na binti.

"Kaanaeli yuko shuleni," Sifaeli akasema.

"Shuleni wapi?"

"Shambani, kule chini."

Wakati huo kuku mwekundu asiye na mkia akapanda barazani, akasimama mbele ya Mwalimu, akajikuna kwa mguu wa kushoto. Mwalimu alimtazama kama hakimu anavyomtazama shahidi aliyefika kwa hiari yake. Akaaga, akateremka shambani.

Katikati ya mahindi palisimama dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa juu ili mlinzi aone mbali. Juu yake alikaa mzee mmoja, amevaa koti refu la jeshi na kofia iliyomshuka hadi nyusi, manati mkononi. Mwalimu akavua kofia yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," sauti nyembamba ikajibu, kisha ikakatika. "Samahani. Shikamoo Mwalimu."

Alikuwa Kaanaeli. Alishuka ngazi nusu, akabaki hapo ameduwaa, hajui kama ateremke au apande. Mwalimu naye alikuwa na hotuba yote tayari, ameitunga tangu Akeri, na sasa haikujua pa kuanzia.

"Hilo koti ni la nini?"

"Ni la marehemu babu. Nyani hawaogopi wanawake, Mwalimu. Wakiona sketi wanakuja kama wamealikwa. Tangu baba avunjike hakuna mwanamume wa kukaa hapa, na mama anauza ndizi sokoni kule Maji ya Chai. Tukiacha hata asubuhi moja, shamba limekwisha. Ndiyo maana niliacha shule ya kata nikaja ya mtandaoni. Hapa juu mtandao unashika vizuri. Lakini wewe ukasema meza, na kola, na kutonyanyuka." Alitazama chini. "Nikajirekodi Jumapili moja, baada ya ibada. Niko kipindini kila siku. Hata uliponiuliza kama mimi ni mbuzi nilikusikia. Nilitaka kukataa, ila kulikuwa na dume limeshika mahindi mawili."

Mwalimu alifungua mdomo. Kabla hajasema, sauti nyingine ikasema badala yake, nene, yenye mamlaka, ikitoka juu kwenye nguzo ya dungu ilikofungwa simu.

"Uaminifu ni kutenda haki hata pale ambapo hakuna anayekuona."

Kaanaeli akainua macho kwenye simu. Akayashusha kwa Mwalimu. Akayainua tena.

"Mwalimu," akauliza kwa adabu, "mbona uko huku na huku?"

Sadoki akanyoosha tai yake. Simu ndiyo iliyoendelea. "Ndiyo, Bhavin?" ikauliza, ikanyamaza kidogo. "Umekosea. Kaa chini."

"Leo Bhavin hajafungua mdomo," Kaanaeli akasema polepole, "na hiyo ni mara ya tatu unamwambia amekosea."

Kumbe Bhavin naye alikuwa amehesabu makosa asiyoyafanya, akaona anaonewa, akampigia mkuu wa shule. Sauti ya Jasmeet ikasikika kwenye simu. "Mwalimu, samahani kwa kuingilia. Kuna tatizo?"

"Vizuri sana," Mwalimu wa kwenye simu akajibu. "Andikeni."

"Mwalimu, unanisikia?"

"Kama hakuna swali, tuendelee."

"Mwalimu Sadoki, nakuomba usimame kidogo."

"Huyo anayeongea bila ruhusa atoke nje."

Kisha kioo kikatikisika, Mwalimu akatoweka, na mahali pake pakatokea paji la uso la Maria na jicho moja, karibu mno.

"Hamjambo wanangu," Maria akasema.

"Shikamoo Mama Frederick," Jasmeet akasema. "Mwalimu yuko wapi?"

Chini ya dungu, Sadoki alifumba macho. Maria alikuwa mzee wa kanisa na mwimbaji wa sauti ya pili, na tangu kipaimara hajapata kusema uongo.

"Amekwenda Momela kukamata mtoro."

"Na huyu aliyekuwa anafundisha?"

Maria akasogea nyuma kidogo akaikagua kompyuta, kama mtu anayetaka kuwa na hakika kabla ya kujibu.

"Huyo ni wa jana," akasema.

Mwanafunzi mmoja akashindwa kujizuia, maiki yake ikiwa wazi, halafu wa pili, halafu darasa zima likaangua kicheko, kicheko cha kweli cha watoto wa shule, cha kupokezana na kurudia. Sadoki akakisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile alilisikia darasa lake, na likawa kama darasa lolote alilowahi kuwa nalo. Aibu ilikuwepo, tena tele, lakini miguu yake ilikwisha kuanza kupanda ngazi ya dungu, suti na yote. Kaanaeli akampisha. Mwalimu akaishika simu kwa mikono miwili.

"Kaanaeli, hii nafunguaje sura yangu?"

Binti akamwonyesha. Kicheko kikakatika kama kimekatwa kwa panga.

"Nipo," Mwalimu akasema. "Nilikuja kumkamata mtu aliyeweka picha mahali pake. Nimemkuta darasani. Asiyekuwepo nilikuwa mimi. Mada ya leo ni Uaminifu, na mmeona wenyewe jinsi mwalimu wenu..."

"Mwalimu, nyuma yako," Kaanaeli akasema.

Nyani walikuwa wameona mlinzi anazungumza na simu, wakaona ni nafasi yao. Waliingia wakitokea upande wa msitu, kundi zima, wamebeba watoto. Kaanaeli aliruka chini na manati. Mwalimu akashuka nyuma yake, simu ingali mkononi, akisahau kwamba iko wazi. Alikimbia kati ya mahindi tai ikipepea begani, akiwafokea nyani kwa maneno yaleyale aliyowafokea wanafunzi: rudini, pangeni mstari, nani kawaruhusu. Dume moja kubwa halikukimbia. Lilikaa chini na hindi lake, likaitazama ile tai kwa makini, likamtazama mwenyewe, likajikuna. Mwalimu akasimama. Walitazamana namna hiyo mpaka kokoto la Kaanaeli lilipolipata dume kwenye makalio, likaondoka kwa kununa.

Aliporudisha macho kwenye simu, aliwaona wanafunzi wake. Ili waone vizuri, wote walikuwa wamenyanyuka vitini, na kamera ambazo siku zote ziliwaonyesha kuanzia kola kwenda juu sasa ziliwaonyesha wazima. Bhavin alikuwa na shati jeupe na kaptula ya kulalia yenye picha za magari. Joel wa Usa River alikuwa na shati jeupe, kitenge kiunoni na mtoto wa dada yake mgongoni. Binti mmoja alikuwa ameshika mwiko, ugali ukifuka nyuma yake. Sheria ya Mwalimu ilikuwa imefika kiunoni ikakomea hapo.

"Joel," akauliza akihema, "huyo mtoto ni wa kila siku?"

"Ndiyo, Mwalimu. Dada yuko kiwandani."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umetunyamazisha, Mwalimu."

Siku iliyofuata aliitwa mjini. Alipanda ngazi za duka la Balbir, akasimama mbele ya meza ya Jasmeet mikono nyuma, kama walivyokuwa wakisimama mbele yake yeye.

"Mwalimu," Jasmeet akasema, na ilionekana anapigana na tabasamu, "mwanafunzi aliyefanya kama ulivyofanya ungempa adhabu gani?"

"Ningeita mzazi."

"Basi nenda ukalete mzazi."

"Wazazi wangu ni marehemu."

"Nitaongea na Mama Frederick."

Maria akaja na sare yake ya umoja wa wanawake. Wakafunga mlango. Sadoki alikaa kwenye benchi nje, akiwasikia wakinywa chai na sambusa, wakicheka kwa vipindi, na Balbir alipokuwa akipita na boksi la vipuri alimpa pole bila kuuliza. Walipotoka, mambo yalikuwa yamekwisha kuamuliwa. Sheria ya kola ilifutwa. Kitufe cha kunyamazisha hakitaguswa ila kwa ruhusa. Na kwa kuwa Mwalimu alionekana kupenda kufuata wanafunzi kwao, kila muhula atawatembelea wote, bila suti, tena kwa kuwapigia simu kwanza.

Kuhusu Kaanaeli ilibidi watafute saa. Sifaeli aliulizwa, akasema nyani wa Momela huja asubuhi na hurudi jua likipoa, mchana wanakaa msituni. Hivyo Historia na Maadili ikahamia mchana, Hisabati ikasogea kuipisha, Baiolojia ikasogea kuipisha Hisabati, mpaka ratiba ya sekondari nzima ikawa imepangwa kwa kufuata nyani. Mwalimu wa Fizikia alilalamika. Akaambiwa aende akazungumze nao.

Mahindi yalipokauka, Mwalimu alisema kazi ya kuyavuna ni ya shule nzima, na Jasmeet akakodi gari. Walifika Momela wote, wakashuka, na hakuna aliyemjua mwenzake. Mtandaoni kila mtu alikuwa saizi ya kisanduku. Sasa Bhavin alionekana mrefu hata ikambidi ainame kupita chini ya kamba ya nguo, na Joel, mwenye sauti nzito kama ya askofu, alimfika kifuani. Walipishana shambani wakiulizana Joel yuko wapi, Bhavin yuko wapi, hadi Kaanaeli alipowashika mikono akawakutanisha. Yeye alikuwa amevaa gauni. Nyani walikaa ukingoni mwa msitu wakihesabu watu, wakaona siku hiyo haifai.

Mchana mama yake Kaanaeli akapakua makande. Maria akaombea chakula, sala fupi kwa sababu Jasmeet alikuwa ameshachukua kijiko. Mwalimu Sadoki akasimama, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nyingi, akakohoa. Alikuwa ameandaa maneno juu ya faida za elimu.

"Baba Frederick," Maria akasema, "yanapoa."

Mwalimu aliwatazama pale walipokaa kwenye maganda ya mahindi, wengine miguu peku, mtoto wa dada yake Joel akipanda juu ya plasta ya Sifaeli. Akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni, akamsogeza Bhavin kidogo ili apate pa kukaa.